Chumvi, Nta na Maji: Ufundi wa Kuchuja katika Njia ya Misafara

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara ulipoingia Ugogo ulikutana na uchungu wa namna mbili, wa maji na wa chumvi. Maji yalikuwa ya madimbwi na ya visima vya kufukua, mengine yakiwa na magadi, na watemi wa Kigogo waliyatoza hongo, yaani ushuru wa wapita njia, sawasawa na walivyoitoza njia. Chumvi ilikuwa ile inayokwanguliwa juu ya ardhi ya mbuga baada ya maji kukauka, nayo ilikuwa chungu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857 akiwa na mwenzake John Hanning Speke, hakuipenda hata kidogo. Miezi michache baadaye, alipofika Mto Ruchugi katika nchi ya Uvinza, alikuta chumvi nyingine ambayo alisema inaipita ile ya Ugogo kwa mbali.

Kati ya chumvi hizo mbili kuna mwendo wa majuma mengi kwa miguu, kuna mji wa Tabora, na kuna ufundi ambao vitabu vingi vya njia hiyo huutaja kwa kupita tu: ufundi wa kuchuja.

Si ajabu kwamba umetajwa kwa kupita. Njia ya kati imeandikiwa historia ya pembe za ndovu, bunduki na watumwa, na machungu yake hayahitaji kupunguzwa. Lakini pembe ilikuwa mali ya wakubwa. Mtu wa kawaida wa Unyamwezi, Uvinza au Buha aliyetaka kupata jembe, mbuzi au mzigo wa mtama alikuwa na mali nyingine ya kuuza, nayo ilikuwa kimiminika kichafu kilichofanywa kuwa kitu safi: maji ya chumvi, asali yenye masega, mafuta ya mawese yaliyoenguliwa juu ya chungu kule Ujiji. Mali hiyo ilikuwepo karne nyingi kabla ya mfanyabiashara wa kwanza wa pwani kuweka tembe yake Unyanyembe.

Neno lenyewe ni la jikoni. Mpishi wa mwambao anakuna nazi, anaitia maji, anaiweka katika kifumbu kilichosukwa kwa ukindu na kukikamua. Tui la kwanza, lile zito, ndilo kasimile. Anatia maji tena, anachuja tena, anapata tui jepesi la kupikia. Kinachobaki mkononi ni machicha, ya kuwapa kuku. Pombe ya mtama nayo huchujwa kwa kung'uto, na kahawa yenye mashapo, na dawa ya mizizi. Mpishi huyo akiambiwa asafishe tui hataelewa anatakiwa kufanya nini. Kusafisha, lililokuja na Kiarabu, ni la nyumba, la nguo na la jina la mtu. Kutakasa, lililozaliwa na kutakata, limepanda daraja hadi kwenye roho na ibada, ingawa siku hizi binamu yake kutakatisha ameshushwa mahakamani kueleza fedha haramu. Kuchuja kumebaki palepale: lazima kiwepo kinachopita na kinachozuiwa.

Ndiyo maana siasa na michezo ya Tanzania imelikopa bila shida. Kura za maoni za chama zina mchujo, na timu zisizofuzu moja kwa moja hucheza mechi za mchujo. Neno lina upande wa pili pia, na huo una ukali wake. Kanga iliyofuliwa mara nyingi imechuja, na mwanamuziki ambaye nyimbo zake hazipigwi tena mitaani, naye amechuja. Rangi imepita na maji, umebaki uzi mtupu.

Burton na Speke walifika Kazeh, mji wa wafanyabiashara ndani ya eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani. Makazi ya Waarabu hapo hayakuwa ya zamani sana. Kilichokuwa cha zamani ni njia zenyewe, na waliozikanyaga ni Wanyamwezi. Mwanahistoria Andrew Roberts aliandika mwaka 1970 hoja ambayo bado ina nguvu: biashara ndefu ya kwenda pwani iliota juu ya biashara fupi ya kienyeji ya chuma na chumvi. Watu waliozoea kwenda majuma kadhaa kufuata chumvi magharibi na majembe kaskazini ndio hao hao waliothubutu kuteremka hadi Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19. Upagazi uliokuja kuwapa jina Wanyamwezi hadi Ulaya walijifunzia kwenye mizigo ya chumvi.

Tabora ilikaa katikati ya hayo yote. Kutoka hapo njia moja ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine kusini magharibi kuelekea Ufipa. Msafara kutoka pwani ulichukua karibu miezi mitatu kufika, na wengi walikaa Tabora miezi mingine wakingoja wapagazi, mvua iishe, au vita vipoe. Katika ngoja ngoja hiyo watu walikula, wakanywa, wakauziana. Na kinywaji cha nchi hiyo kilitoka mzingani.

Nchi ya Unyamwezi ni nchi ya miombo, na miombo ni nchi ya nyuki. Mti uliolipa pori hilo jina, muyombo, ndio huo huo unaotoa gome la mzinga. Fundi hukata mkato wa mviringo juu na mwingine chini, hupasua gome kwa urefu, hulibandua zima, kisha hulirudisha katika umbo la mtungi mrefu na kulishona kwa kamba, nayo ikitokana na gome. Magome yalikuwa kila kitu huko. Nafaka iliwekwa ndani ya kilindo, kasha la gome. Watu walivaa nguo za magome kabla kitambaa cha merikani hakijajaa, na walifunga mizigo kwa kamba za magome. Wataalamu wa misitu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mti uliobanduliwa hivyo hufa, na hawajakosea. Lakini mzinga wa gome ni mwepesi, hugharimu kazi ya siku moja, na nyuki huupenda. Mizinga ya mbao iliyoletwa na maofisa wa serikali haijaweza kuufukuza.

Mrina asali hupanda usiku na mwenge unaofuka moshi. Anachoshusha kwenye ndoo hakifanani na kile kinachouzwa dukani. Kuna masega yaliyojaa na kufunikwa, kuna masega yenye wadudu wachanga, kuna chavua, majivu ya mwenge, mabawa, na nyuki waliozama. Kazi ya kuvitenganisha ndiyo inayoamua bei. Mvivu huyakamua yote kwa mkono, na asali yake huwa na ukungu na huchacha upesi. Anayejua kazi huchagua masega meupe kwanza, huyakata vipande, huyaweka juu ya kitambaa au wavu na kuiacha asali ijitonee yenyewe mahali penye joto. Hukusanya povu linalopanda juu siku inayofuata. Masega yaliyobaki hayatupwi: huoshwa kwa maji, na maji hayo matamu huenda kwenye wanzuki, pombe ya asali ambayo Tabora ina sifa nayo mpaka leo.

Kwa karne nyingi mwisho wa hesabu ulikuwa hapo. Mtengenezaji wa wanzuki anataka utamu, na nta kwake ilikuwa machicha tu. Thamani yake iligeuzwa na wanunuzi wa nje. Ulaya ilihitaji nta kwa mishumaa ya kanisani, dawa za kung'arishia, na baadaye viwanda vya vipodozi, na katika miaka ya utawala wa Kijerumani nta ikawa miongoni mwa bidhaa za kudumu zilizosafirishwa kutoka koloni la Afrika Mashariki, Tabora ikiwa soko lake kubwa la bara. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ambao zamani ulibebwa kichwani kwa miezi mitatu ulianza kufika Dar es Salaam kwa siku chache.

Kuchuja nta kuna ukorofi wake. Masega hutiwa ndani ya gunia pamoja na maji, yakachemshwa polepole. Watu wawili hulisokota gunia kwa vijiti, kila mmoja upande wake, nta ya moto ikatiririka pamoja na maji huku maganda ya wadudu yakibaki ndani. Ikiachwa ipoe taratibu, nta huelea na kuganda juu kama mkate, na takataka zilizopenya hujishika chini yake, zikakwanguliwa kwa kisu. Moto ukizidi, nta huungua na kupoteza harufu. Chungu cha chuma kikitumika, rangi hugeuka ya kahawia, na mnunuzi huona kwa jicho moja. Biashara nzima ya nta ilisimama juu ya jicho hilo: mkate wa njano angavu ulikuwa na bei yake, na mkate mweusi bei yake. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliunda kitengo maalumu cha ufugaji nyuki, na sehemu kubwa ya kazi ya maofisa wake Unyamwezi ilikuwa kufundisha mambo haya madogo ya gunia na chungu. Miaka ya 1960 wafuga nyuki wa Tabora wakawa na chama chao cha ushirika, na kiwanda cha kuchuja na kufunga asali kikajengwa Kipalapala, nje kidogo ya mji.

Kuna namna moja ya kutenganisha vimiminika ambayo haikuhitaji kufundishwa na ofisa yeyote, na serikali zote, ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya uhuru, zimepigana nayo. Vitabu vya sayansi vya shule huiita kukeneka. Mitaani watu husema kupika gongo. Pombe huchemshwa ndani ya pipa lililofunikwa, mvuke hupita kwenye bomba lililozungushwa katika maji baridi na kutoka upande wa pili matone kwa matone. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 inayohusu utengenezaji wake haikutumia neno gongo katika jina lake. Ilitumia moshi, na hilo ndilo jina la kinywaji hicho kisheria. Uganda mwaka mmoja kabla ilikuwa imechagua njia yake: iliwataka wapika enguli wapate leseni na kuuza kwa kiwanda ili ikenekwe upya, na hapo ikazaliwa Uganda Waragi.

Maji ya kunywa yenyewe yana hadithi fupi. Wasafiri wa karne ya 19 walikunywa kilichokuwepo, wengine kupitia kitambaa, na kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko mikuki ilivyofanya. Mji wa Tabora baadaye ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, ambayo hupungua na kuchafuka kiangazi. Miaka ya karibuni bomba limefika kutoka Ziwa Victoria kupitia Nzega. Maji hayo huchujwa na kutiwa dawa Ihelele, wilayani Misungwi, mamia ya kilomita kaskazini.

Magharibi ya Tabora njia huingia katika pori refu, hufuata kingo za Mto Malagarasi, na hatimaye hushuka Uvinza. Hapa ndipo uchujaji ulipokuwa na umri mkubwa kuliko mahali pengine popote katika njia hii.

Mapema mwaka 1874 alifika Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza. Alikuwa ametumwa kumsaidia mvumbuzi Livingstone, na miezi michache nyuma, akiwa hoi kwa homa Unyanyembe, alikuwa ameletewa habari kwamba Livingstone amekwisha kufa na kwamba watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wanakuja na maiti yake. Maiti ilielekea pwani. Cameron akaendelea mbele kufuata karatasi za marehemu zilizobaki Ujiji. Uvinza ilimlaki kwa hongo na kwa kivuko cha bei kali, kama ilivyomlaki msafiri Stanley mwaka 1871. Hata hivyo Cameron alikuwa na jicho la baharia anayependa kujua vyombo vinavyofanya kazi, akatulia kutazama watu wanavyochuja matope.

Vihori vilipangwa kimoja juu ya kingine, kama nusu dazeni hivi. Kila kihori kilikuwa na tundu la pembe nne chini yake, nalo limezibwa nusunusu kwa nyuzi za gome. Vyote vilijaa matope ya chumvi isipokuwa cha chini kabisa, ambacho kilikuwa kitupu. Maji ya moto yalimiminwa katika kihori cha juu. Yaliyeyusha chumvi iliyomo, yakapenya kwenye nyuzi za gome, yakaangukia matope ya kihori cha pili, yakapenya tena, hivyo hivyo mpaka yakatua chini yakiwa karibu meupe. Maji hayo ndiyo yaliyochemshwa mpaka yakakauka. Kama chumvi iliyobaki haikuridhisha, iliyeyushwa upya na kuchujwa upya. Cameron, ambaye kabla ya kumaliza safari yake alivuka bara zima hadi bahari ya Atlantiki, aliandika kwamba ilikuwa chumvi nzuri kuliko zote alizoziona Afrika.

Werevu wa mpango huo unaonekana mtu akifikiria kuni. Kuchemsha maji mpaka yakauke ni kazi inayokula msitu, na maji hafifu hula kuni nyingi kwa chumvi kidogo. Maji yaliyopita katika kihori kimoja tu yangekuwa hafifu. Yakipita katika matope mapya mara tano, kila mara huokota chumvi zaidi na kuacha tope nyuma, hivyo yanapofika motoni tayari ni makali. Kazi mbili zinafanywa kwa mteremko mmoja, na bila chombo chochote kisichopatikana porini. Maji ya moto nayo huyeyusha upesi kuliko ya baridi. Fundi aliyegundua hayo hana jina katika kitabu chochote, na inawezekana walikuwa mafundi wa vizazi kumi, kila mmoja akiongeza kihori.

Vizazi kumi ni makadirio ya uchoyo. Mwaka 1967 Roberts na mwanaakiolojia John Sutton walichimba karibu na chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mahali Ruchugi inapoungana na Malagarasi. Walikuta tabaka juu ya tabaka za majivu, mkaa na vigae vya vyungu vya kuchemshia. Vipimo vya mkaa vilirudi hadi karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakikaushia chumvi mahali hapo kabla Uislamu haujaanza Arabuni, kabla ya Kilwa kuwa mji, na zaidi ya miaka elfu moja kabla ya msafara wa kwanza wa Waswahili kuvuka Malagarasi. Mitindo ya vyungu ilibadilika, watawala walibadilika, chemchemi zikaendelea kutoa maji ya chumvi.

Kazi ilikuwa ya kiangazi. Masika mto hufurika na kufunika chemchemi, na kuni mbichi haziwaki. Mvua zikiisha, familia zilitoka Buha, Unyamwezi na kwingine, zikajenga vibanda vya majani, zikapika chumvi kwa majuma kadhaa, zikalipa sehemu ya mavuno kwa watemi wa Kivinza, zikarudi nyumbani na mizigo. Hapakuwa na mwenye kampuni. Mtemi alikuwa na chemchemi, lakini kila jiko lilikuwa la mpishi wake. Chumvi hiyo ilienda Ujiji ikakutana na mawese na samaki wakavu, ikavuka ziwa kuelekea Manyema, ikapanda milima ya Burundi, ikarudi mashariki hadi Tabora. Waliokaa mbali sana na chemchemi walijitafutia wenyewe: walichoma nyasi na matete ya majini, wakatia majivu katika chungu kilichotobolewa, wakapitisha maji, wakachemsha kilichodondoka. Munyu huo wa majivu ulikuwa na uchungu wake. Aliyeweza kununua wa Uvinza aliununua.

Mali inayotakiwa na kila nyumba haiwezi kukosa wanaoipigania. Mirambo wa Urambo, aliyefunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwatoa jasho Waarabu wa Tabora, alielewa vizuri kwamba anayeshika Uvinza anashika kivuko na chumvi kwa pamoja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja majeshi yake ya rugaruga. Alifariki mwezi Desemba 1884 na dola yake haikudumu. Waliofuata walikuwa na karatasi zenye mihuri.

Otto Schloifer alikuwa Mjerumani aliyesimamia kazi ya kusafirisha meli Hedwig von Wissmann, vipande vipande, hadi Ziwa Tanganyika, ikazinduliwa mwaka 1900. Mtu aliyebebesha watu meli nzima alijua njia hiyo inabeba nini. Muda mfupi baadaye kampuni yake ya maziwa ya Afrika ya kati ilipewa haki ya chumvi ya Uvinza, ikajenga kiwanda kilichoitwa Gottorp, chenye masufuria makubwa ya chuma, na wapishi wa kiangazi wakawa vibarua, au wakaambiwa waondoke. Hii ndiyo sehemu ya historia ya Uvinza inayostahili hasira zaidi ya ile inayopewa. Vita vya Mirambo vilipita. Mkataba wa chumvi haukupita. Chemchemi zilizokuwa zikitozwa kodi na mtemi zikawa mali ambayo mwenyeji akiigusa ni mwizi.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na ikapita Uvinza. Waingereza walipoichukua Tanganyika kiwanda kiliendelea kwa jina la Nyanza Salt Mines, baada ya uhuru kikawa chini ya shirika la madini la serikali, kisha kikarudi mikononi mwa wawekezaji binafsi. Teknolojia ilibadilika zaidi kuliko mtu angetarajia, na kidogo kuliko mtu angetarajia. Maji ya chumvi yakawa yanavutwa kwa pampu kutoka chini ya ardhi, lakini kwa miaka mingi yaliendelea kukaushwa kwa moto wa kuni za miombo, shehena kwa shehena, mpaka msitu ukarudi nyuma na hesabu ya jua ikaanza kuonekana ya maana. Wapishi wadogo hawakwisha pia.

Halafu likaja jambo ambalo mafundi wa vihori wasingelifikiria. Chumvi ya chemchemi za bara, hata iwe nyeupe namna gani, ina madini joto kidogo mno, na katika mikoa ya milimani na ya magharibi mwa Tanzania rovu lilikuwa ugonjwa wa kawaida, pamoja na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa. Kuanzia miaka ya 1990 kanuni za serikali zimedai kila chumvi ya kula iongezwe madini hayo kabla ya kuuzwa. Viwanda vikubwa vilinunua mashine za kunyunyizia. Mpishi mdogo hutumia bomba la mkono, dawa ambayo lazima ipatikane kwa wakati na ipimwe sawasawa, na mfuko usiopitisha unyevu, la sivyo madini hupotea kabla chumvi haijafika sokoni. Wakaguzi wanapopita madukani siku hizi huchukua kijiko cha chumvi na kuidondoshea tone la kipimio. Ikigeuka zambarau, imefaulu. Ikibaki nyeupe, mwenye duka ana maswali ya kujibu.